Neti imeshika, ping inaenda, saiti zimekataa: nani ameshika resolv.conf yako?

Simu ilinipata nikiwa bado kwa matatu, tumekwama hapo Roysambu kwa jam ya Thika Road, tarehe 30 Juni asubuhi, na kama uko Kenya unajua hiyo ni siku gani: siku ya mwisho ya kufaili ritani za KRA, wale wa ushuru, na watu wengi huingojea hiyo hiyo siku. Aliyepiga ni mama mmoja mwenye saiba huko Zimmerman, ako na mashini tano, zote eks-yukei, zote Ubuntu, na ni mimi nilimwekea miaka miwili iliyopita alipochoka na virusi vya flashi za wateja.

"Kijana, hizi kompyuta zako zimekataa. Watu wamejaa mpaka nje na hakuna kitu inafunguka."

Nikamuuliza, mama, neti iko? "Neti iko! Ile alama iko hapo juu imeshika, na simu yangu inafungua kila kitu na ni hiyo hiyo rauta. Ni hizi Linux zako." Nikaomba nusu saa. Akakata.

Sasa kabla sijafika huko Zimmerman wacha nieleze kitu, juu hii shida ya "neti imeshika lakini hakuna kinachofunguka" ndio naulizwa kuliko ingine yoyote, na watu wanakimbilia kuristati rauta, kuristati mashini, kubadilisha kebo, mwisho wanainstoli Linux upya kabisa, na shida ni mstari mmoja kwa faili moja.

Chukua mtu ametoka ushago leo, ameshukia Railways, anataka kwenda Rongai. Jina analijua. Lakini pale steji matatu zimepangwa kwa namba, na yeye hajui namba, so lazima aulize mtu, na huyo mtu amwambie panda 125. Huyo wa kuulizwa ndio DNS. Barabara inaweza kuwa wazi, mafuta yako, dereva ashawasha gari, na mgeni wetu bado asimame hapo mpaka giza iingie kama wa kuulizwa ameenda kunywa chai. Mwenye anajua 125 kichwani hana shida na mtu, anapanda tu. Kompyuta yako ni huyo mgeni: wewe unaandika wikipedia.org, yeye lazima aulize namba, yaani anwani ya IP, ndio aanze safari. Zamani hakukuwa na wa kuuliza, namba zote zilikuwa kwa faili moja inaitwa HOSTS.TXT iliyokuwa inatunzwa huko SRI, taasisi ya utafiti ya California, kila mtu anajichukulia nakala, mpaka mashini zikawa nyingi faili ikalemewa, na mwaka wa 1983 Paul Mockapetris akaandika mpango wa DNS tunaotumia mpaka leo. Mjukuu wa hiyo faili bado uko naye kwa Linux yako, anaitwa /etc/hosts, na bado ana nguvu, nitarudi kwake.

So kitu ya kwanza ni kujua kama barabara ndio imekufa ama ni yule wa kuulizwa. Hii haitaki akili nyingi, inataka mpangilio tu, unatoka karibu unaenda mbali, na usiguse setingi yoyote kabla hujamaliza. Fungua terminali:

`ip -br a`

Hapo unaangalia kadi yako ya neti, kwa mashini ya mezani itakuwa jina kama enp0s25, kwa laptopu ya waifai kitu kama wlp2s0. Iwe UP na iwe na anwani, mfano 192.168.1.37. Ikiwa DOWN, shida ni ya waya, swichi ama draiva, na kwa laptopu piga `rfkill` uone kama waifai imezimwa na ile batani ya pembeni, watu wameshalia sana kwa sababu ya hiyo batani. Ikiwa UP na haina anwani, ama iko na ile inaanza na 169.254, ina maana mashini iliomba rauta anwani na rauta haikujibu. Ikiwa kadi haionekani kabisa, draiva hakuna, chomeka simu kwa yuesibi, washa tetharing, Linux itaishika kama kadi ya waya, then ndio udaunlodi draiva.

Halafu:

`ip route`

Unatafuta mstari unaoanza na `default via`. Hiyo namba inayofuata ndio rauta yako. Hakuna huo mstari, hakuna mlango wa kutoka nje, mashini inaongea na majirani wa humo ndani tu. Ukiupata, piga ping, yaani bisha hodi uone kama kuna anayejibu, kwa rauta yenyewe, halafu kwa namba ya mbali:

`ping -c 3 192.168.1.1`
`ping -c 3 1.1.1.1`

Hapa unatumia namba, hujauliza mtu yeyote kitu. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikatae, shida iko kati ya rauta na dunia, na hapo Linux yako haina makosa, uliza kampuni ya neti ama uangalie kama umelipa. Kuna siku nayo shida iko mbali zaidi: tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini na huku kwetu neti ikaenda kwa magoti, na nilikuwa naona watu wakibadilisha DNS kama wazimu, wakati hapo hakuna kitu ungefanya kwa laptopu yako kuunganisha kebo iliyo chini ya bahari. Angalia simu ya jirani kwanza.

Kuna ofisi zimefunga ping makusudi, so ikikataa jaribu pia `curl -I https://1.1.1.1` kabla hujahukumu.

Zote zikijibu, sasa ndio unauliza jina:

`ping -c 3 wikipedia.org`

Ikikurudishia "Temporary failure in name resolution", hongera, umefika. Barabara iko sawa. Ni yule wa steji.

Hivo ndivyo ilikuwa Zimmerman. Nilifika nikapita katikati ya watu wameshika vitambulisho na P9, zile fomu za mshahara, kijana mmoja ananiangalia kama mimi ndio KRA, nikakaa kwa mashini ya kwanza. Anwani iko. Rauta inajibu. 1.1.1.1 inajibu vizuri kabisa. Jina, hakuna. Mashini ya pili, hivo hivo. Ya tatu, ya nne, hivo hivo. Ya tano ikanichanganya: brauza inafungua kila kitu, mteja mmoja ameshika hiyo na hataki kutoka, na nikifungua terminali pembeni nikipiga `sudo apt update`, ile ya kuangalia programu mpya, inaniambia haiwezi kupata ke.archive.ubuntu.com. Brauza inajua namba, mashini yenyewe haijui.

Hiyo ya tano nitaieleza sasa hivi. Kwanza nikamuuliza mama, kuna kitu imebadilika? Akasema jana jioni amehama kampuni, watu wa fiba mpya walikuja wakaweka rauta mpya wakaenda. Nikaanza kunusa kitu.

Ukishajua ni DNS, swali linalofuata ni je, ni yule ninayemuuliza ndiye ameenda chai, ama namuuliza mtu asiyekuwepo? Kamandi ya kujua hivo ni `dig` (haikuji na kila mashini, kwa Ubuntu na Debian pakeji ni bind9-dnsutils, kwa Fedora ni bind-utils, iweke siku neti iko sawa juu siku imekufa hutaweza). Unauliza mara tatu:

`dig wikipedia.org`
`dig @192.168.1.1 wikipedia.org`
`dig @1.1.1.1 wikipedia.org`

Ya kwanza inauliza yeyote ambaye mashini yako imeambiwa iulize. Ya pili inauliza rauta. Ya tatu inaruka wote inaenda kwa seva ya Cloudflare huko nje. Pale saiba ya kwanza ilikaa, ikakaa, ikarudi na "no servers could be reached". Ya pili ikajibu saa hiyo hiyo. Ya tatu pia. Yaani rauta ina majibu, dunia ina majibu, na mashini imeng'ang'ana kuuliza mtu mwingine kabisa. Nani huyo?

`cat /etc/resolv.conf`

Hii ndio faili yenye kila mtu amesoma kuihusu kwa intaneti, na ndio faili yenye imeharibiwa na mafundi wengi. Ndani yake kuna mstari wa `nameserver` na namba, na programu nyingi za Linux zikitaka kuuliza jina zinasoma hapo. Zamani ilikuwa rahisi, unaandika namba unaenda zako. Siku hizi kwa Ubuntu na jamaa zake, na Fedora tangu toleo la 33 la mwaka 2020, hiyo faili sio faili hata, ni kiungo tu kinachoelekeza kwa faili ingine, `/run/systemd/resolve/stub-resolv.conf`, na ndani utakuta `nameserver 127.0.0.53`. Watu wakiona hiyo namba wanashtuka, wanasema hii si seva, hii ni mashini yangu mwenyewe! Ndio, ni mashini yako mwenyewe. Kuna mfanyakazi anaishi humo ndani anaitwa systemd-resolved, programu zote zinamuuliza yeye, na yeye ndio anajua leo uko nyumbani na rauta inasema uliza huyu, kesho uko ofisini na uulize yule, umewasha VPN, ile njia ya siri ya kuingia neti ya kazini, na majina ya kazini yaulizwe kwa seva ya kazini tu na mengine yapite kwingine. Anabadilika na mahali uko. Ukitaka kuona yeye mwenyewe anauliza nani, usisome ile faili, muulize:

`resolvectl status`

Atakuonyesha kadi kwa kadi, na seva ya kila kadi.

Sasa kwa mashini za mama, resolv.conf haikuwa kiungo. Ilikuwa faili kavu, na ndani namba moja tu, seva ya DNS ya ile kampuni ya zamani. Na kampuni nyingi za neti seva zao za DNS zinajibu wateja wao peke yao, ukihama ukiuliza kutoka nje hujibiwi, na hiyo ni haki yao kabisa. `resolvectl status` nayo ilikuwa imeandika hapo juu `resolv.conf mode: foreign`, maana yake ni kama systemd-resolved anasema hii faili si yangu, kuna mtu alikuja akaweka yake. Sawa, nikasema nifute hii takataka:

`sudo rm /etc/resolv.conf`
`rm: cannot remove '/etc/resolv.conf': Operation not permitted`

Nimeandika sudo. Mimi ni mwenye nyumba. Nakatazwa aje kufuta faili kwa nyumba yangu? Hapo wengi wangeanza kusema Linux imerogwa. Nikapiga `lsattr /etc/resolv.conf` na kwa ile safu ya vistari kukawa na herufi moja, `i`. Hiyo i ni kufuli, inawekwa na `chattr +i`, na ikishawekwa hakuna mtu anagusa hiyo faili, hata root, yule mkubwa wa mashini unayekuwa ukiandika sudo, mpaka kufuli itolewe. Mtu alifuta kiungo, akaandika faili yake, akaifunga na kufuli. Mashini zote tano.

Na hapo ndo nikakumbuka, nikasikia jasho. Ni mimi. Miaka miwili iliyopita, wakati nazifunga hizo mashini, resolv.conf ilikuwa inarudi vile ilikuwa kila nikiristati, nikakasirika, nikagugo, nikapata ushauri wa mtu anasema weka chattr +i na shida zako zimeisha. Na kweli ziliisha, kwa miaka miwili, mpaka siku mama amehama kampuni, na ikawa lazima iwe 30 Juni.

Dawa ni mistari minne:

`sudo chattr -i /etc/resolv.conf`
`sudo rm /etc/resolv.conf`
`sudo ln -s /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf /etc/resolv.conf`
`sudo systemctl restart systemd-resolved`

Ping wikipedia.org, inajibu. Mashini ya kwanza kwa dakika mbili, nyuma yangu tayari mtu ameketi.

Na ile ya tano? Ilikuwa na ugonjwa huo huo, ni vile mpwa wa mama aliwahi kuingia kwa setingi za brauza akaweka DNS ya siri, ile ya kupitia HTTPS, na anwani `https://1.1.1.1/dns-query`. So brauza ilikuwa haiulizi mashini kitu, inauliza Cloudflare moja kwa moja, tena kwa namba. Kila kitu kingine ndani ya hiyo mashini kilikuwa kimekufa na hakuna mtu ameona. Weka hiyo akilini, juu siku hizi brauza na mashini zinaweza kuwa na majibu tofauti kabisa. Brauza ikifungua na terminali ikatae, ama kinyume, angalia hapo kwanza.

Kitu nimejifunza kwa aibu ni kwamba ile faili ikirudi vile ilikuwa, haina kiburi. Kuna mwenyewe anaiandika. Kazi yako ni kumtafuta mwenyewe umwambie unataka nini. Kwa mashini ya mezani ama laptopu huwa ni NetworkManager, programu inayosimamia konekshoni zako, na unamwambia hivi, ukiweka jina la konekshoni yako vile inaonekana kwa `nmcli con show`:

`nmcli con mod "Saiba" ipv4.dns "1.1.1.1 9.9.9.9" ipv4.ignore-auto-dns yes`
`nmcli con up "Saiba"`

Hiyo inakaa, hata ukiristati mara mia. Kwa seva ya Ubuntu huwa ni netplan, faili zake ziko /etc/netplan. Ukitaka ya mashini nzima iko /etc/systemd/resolved.conf, mstari wa `DNS=`. Na Debian ya kawaida haikuji na systemd-resolved, so usichukue ushauri wa Ubuntu ukaupeleka huko ukashangaa kamandi haziko. Swali ni moja kila mahali: hii faili inaandikwa na nani? `ls -l /etc/resolv.conf` ndio mahali pa kuanzia, mara nyingi jibu liko kwa mshale wa kiungo, na kama si kiungo soma zile komenti za juu, mwenyewe huwa ameandika jina.

Ile ya kuweka 1.1.1.1 ama 8.8.8.8 kila mahali nayo nina neno nayo. Ni seva nzuri, hiyo ya Google iko tangu 2009 na ya Cloudflare tangu 2018, mimi mwenyewe natumia. Lakini kwa hizi hotspoti za mtaa, zile unaunganisha, ukurasa unafunguka, unalipa kidogo kwa M-Pesa unapewa masaa, ukilazimisha DNS yako ule ukurasa wa kulipa unaweza kukataa kabisa kufunguka, juu hiyo hotspoti inategemea wewe umuulize yeye ndio akudanganye kidogo akupeleke kwa ukurasa wake. Mtu anakaa na waifai ya mtaa imeshika na hana kitu, anatukana mwenye hotspoti bure. Rudisha DNS iwe ya kujipa yenyewe, fungua saiti ya http isiyo na s, neverssl.com ilitengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, ama andika namba ya rauta ile ya `default via` kwa brauza. Kwa waifai za mkahawa pia ni hivo.

Kuna ingine hunifurahisha juu ugonjwa unajitaja wenyewe. Mtu anasema, neti iko lakini kila ukurasa unasimama kidogo, kama sekunde tano, halafu unakuja wote kwa mkupuo. Tano hasa. Hiyo tano ni muda wenye Linux ya kawaida humngoja nameserver wa kwanza kabla ya kuenda kwa wa pili. Wa kwanza amekufa, wa pili ako hai, na kila jina jipya unalipa hizo sekunde tano. Mtoe wa kwanza. Na usijaze orodha ukidhani wengi ni bora, Linux inasoma watatu tu, wa nne umeandikia upepo.

VPN nayo ina yake. Ukiizima vizuri inarudisha DNS vile ilikuta. Ikikufa ghafla, stima zimepotea ama umeua prosesi kwa hasira, inaweza kukuachia namba ya ndani kama 10.8.0.1, na hiyo haipo tena. Iwashe uizime vizuri, au ristati NetworkManager.

Na kama `dig` inapata jibu lakini `ping` ya jina hilo hilo inakataa? Hapo wengi hukwama. dig inaenda moja kwa moja kwa seva, ping na programu zingine zinapitia kwanza `/etc/nsswitch.conf`, mstari wa `hosts:`, wenye unasema anza na faili, halafu hivi, halafu DNS. Jaribu `getent hosts` na jina, hiyo inafuata njia ile programu zinafuata. Mara nyingi utakuta yule mjukuu niliwaambia, /etc/hosts: kuna siku ulikuwa unatest saiti ya mteja, ukaandika namba yake hapo, saiti ikahamishwa seva, na wewe peke yako Kenya nzima unaona ya zamani. Ama ni majina ya ofisi yanayoishia na `.local`, kuna mistari ya hosts inayoyapeleka yote kwa mambo ya printa za jirani na kuyakatia hapo, DNS haiulizwi kamwe. Kama ofisi yako ilichagua .local, pole.

Majibu yenyewe yasome pia. NXDOMAIN maana yake ameulizwa, amejibu, hilo jina haliko, angalia kama umeandika vizuri. SERVFAIL maana yake amejaribu akashindwa, jaribu seva ingine, na kama seva ingine inajibu shida ni ya yule wa kwanza. Kimya kabisa ni njia imekatika ama kuna ukuta (firewall) unazuia. Hiyo ya kuflash kashe, `resolvectl flush-caches`, watu wanaipenda kama maji ya baraka, inasaidia tu kama jina limebadilishwa namba karibuni na mashini yako imeshika ya zamani, kwingine kote unajipaka tu.

Ingine haina uhusiano na DNS lakini inavaa nguo zake: majina yanajibu, saiti ndogo zinafunguka, kubwa zinaanza halafu zinaning'inia. Jaribu `ping -M do -s 1472 1.1.1.1`, ikikataa shuka mpaka 1464. Ikipita huko chini na kukataa juu, pakiti zako ni kubwa kuliko bomba: ping huongeza 28 juu ya namba uliyoandika, so 1472 ni pakiti ya 1500 na 1464 ni ya 1492, na fiba zingine za PPPoE (zile rauta huingia kwa jina na neno la siri) zina 1492 badala ya 1500. Shusha kwa `sudo ip link set dev enp0s25 mtu 1492` uone. Na kwa hizi eks-yukei, angalia tarehe na `timedatectl`. Ile betri ndogo ya ubao, CR2032, ikiisha, mashini inaweza kuamka ikidhani ni mwaka mwingine, na HTTPS inakataa kila cheti, mtu anasema neti imekufa na ni saa tu. Watu wa Docker, nyinyi mnajijua: ikiwa waifai ya mahali imepewa anwani zinazoanza na 172.17 na Docker yako (ile ya kuendesha programu ndani ya makontena) nayo ni 172.17, rauta itapotea machoni pako kama haijawahi kuwepo.

Zimmerman tulimaliza tano zote kabla saa nne. Mama akaniletea chai na mandazi mbili, akakaa pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini ndio wateja wasisikie, kwani shida ilikuwa nini? Nikamwambia kuna fundi alikuwa amefunga faili moja na kufuli, neti ilipobadilika mashini zikabaki zinauliza kampuni ya zamani.

"Fundi gani huyo?"

Nikamwambia ni kitambo, mama.

"Huyo asikanyage hapa tena."

Nikasema sawa mama, nikamaliza chai.